Siku Niliyofundishwa Kumfokea Mkwe

Mimi nina sauti. Sijivuni, kwa sababu sikuitafuta, nilizaliwa nayo. Kule Mitunguu nilikokulia kwenye mashamba ya ndizi, mama akinituma nimwite kibarua mmoja aliye ng'ambo ya mfereji, walikuja vibarua wa mashamba matatu, pamoja na mbwa wao. Baadaye nikawa mbebaji mizigo mjini Meru mchana, na jioni mwanafunzi wa ngumbaru karibu na Kinoru. Mwalimu wa hesabu alinipiga marufuku kujibu maswali kwa kinywa, kwa sababu darasa la jirani lilikuwa likinakili majibu yangu kupitia ukutani, na mengi hayakuwa sahihi. Kwa hivyo jeshi liliponichukua na cheti changu cha ngumbaru mkononi, kisha likanipeleka kwenye mizinga, sikushangaa hata kidogo. Penye mzinga panatakiwa mtu wa kelele.

Watu hudhani mzinga hupigwa na shujaa mmoja aliyekunja uso. Wapi! Mzinga mmoja hupigwa na watu saba, na kila mmoja ana namba yake kifuani na mgongoni, imeandikwa kwenye fulana kubwa kama ya mpira. Namba Moja ni mkuu wa kikosi, ndiye anayetoa amri. Namba Mbili hufungua na kufunga mlango wa nyuma wa mzinga. Namba Tatu hulenga. Namba Nne huingiza kombora, Namba Tano huvuta kamba ya kupigia, na waliobaki huandaa na kubeba. Kila mmoja ana kazi ndogo ambayo hata bibi yangu angeijua kwa siku moja. Ugumu ni kuifanya pamoja, kwa mpangilio uleule, mara elfu moja, bila mkono wa mtu kuwa mahali ambapo chuma kinapita. Mzinga ukipiga hurudi nyuma kwa teke ambalo likimpata ng'ombe dume, atatua Embu akiwa nyama ya kusaga. Kwa hivyo nyuma ya mzinga huwekwa kamba nyeupe chini, kuonyesha njia ya teke. Ndani ya kamba hiyo haingii mtu. Na kuna neno moja ambalo yeyote kati ya wale saba anaruhusiwa kulisema, awe mkubwa au mdogo, akiona hatari: "Simama!" Likisemwa, kila mkono unagandia hapo ulipo. Hakuna kuuliza nani kasema.

Mimi nilikuwa Namba Moja. Siku niliyopewa hiyo fulana nililala nayo.

Mwezi huohuo nikaenda Muthara, huko Tigania Mashariki, kupeleka mahari. Baba wa mchumba wangu alikuwa amefariki zamani, kwa hivyo aliyekaa kwenye kiti cha baba alikuwa kaka mkubwa wa mchumba wangu, mwanamume mrefu, mkimya, mwenye nyusi ambazo zingetosha watu wawili. Nilimpa kifurushi cha miraa cha heshima kwa mikono miwili, kimefungwa kwa majani ya mgomba. Nilimsalimu nikiwa nimeinama. Alipouliza kazi yangu nilijibu kwa sauti ndogo kiasi kwamba mjomba wangu alilazimika kurudia. Kwetu mkwe yeyote, hata shemeji, tunamwita muthoni, na simaanishi lile jina la wasichana. Muthoni humzomei, humkatizi maneno, humwamrishi. Ukimwona njiani amebeba kitu, unapokea mzigo kwanza halafu ndiyo unauliza habari. Naye pia anakuheshimu vivyo hivyo, akikuita muthoni. Mkiwa wawili pamoja ni kama watu wanaobebeana mayai.

Nilijua ni mwanajeshi. Nilijua yuko kikosi cha mbali. Nilichokuwa sijui ni kwamba amehamishwa.

Wiki mbili baadaye, kwenye uwanda mkavu chini kule kwenye joto, ambako miti ina miiba mingi kuliko majani, lori lilileta Namba Mbili mpya wa mzinga wangu. Akashuka. Nyusi zile zile. Koplo, miaka tisa mbele yangu kwa umri, na mimi sajini mwenye fulana ya Namba Moja.

"Muthoni," akasema, akivua kofia.

"Muthoni," nikasema, na kabla akili haijafika nilikuwa nimeshampokea begi, nimelibeba begani hadi hemani kwake, na nimemtandikia kitanda. Kikosi kizima kilisimama kutazama. Namba Nne, mtu wa Meru mjini ambaye mdomo wake haukuwahi kuchukua likizo, alisema, "Ala! Mkuu, mimi nilipofika ulinionyesha kitanda kwa kidole cha mguu."

Hapo ndipo shida ilipoanza.

Aliyekuja kutupima alikuwa kapteni, mama mmoja wa Embu, mfupi, mwenye ubao wa kuandikia na kalamu aliyoining'iniza shingoni kwa uzi. Alikuwa na tabia ya kutembea kuzunguka mzinga bila kutoa sauti ya buti, sijui alikuwa akikanyaga nini. Siku ya kwanza tulifanya zoezi kwa makombora ya kujifunzia, yasiyo na baruti, na alituambia mapema kwamba wakati wowote ataleta kosa la makusudi ili aone kama tutalikamata. Vikosi vitakavyofaulu ndivyo vitakavyopiga makombora ya kweli. Vitakavyoshindwa vitakuwa watazamaji.

Tukaanza. Amri zangu kwa wengine zilitoka kama radi ya mwezi wa nne. Kwa Namba Mbili zilitoka hivi: "Muthoni, kama huna neno, waweza kufungua huo mlango." Naye anaitikia, "Sawa, muthoni, asante." Namba Nne alikuwa akisubiri na kombora mikononi, kilo zote zile, jasho linamtiririka, huku sisi tukishukuriana.

Kisha kapteni akamnong'oneza Namba Mbili kitu sikioni. Hilo ndilo lilikuwa kosa la makusudi. Muthoni wangu, akitii, akapiga hatua moja na kusimama ndani ya kamba nyeupe, kwenye njia ya teke, mgongo umenigeukia. Niliona. Nakuapia niliona kabla hata mguu haujatua. Mkono wa Namba Tano ulikuwa tayari kwenye kamba ya kupigia. Nikafungua kinywa, hiki kinywa kilichokuwa kikikusanya vibarua wa mashamba matatu, na maneno yakatoka hivi:

"Samahani muthoni, sijui kama ungependa kusogea kidogo upande huu, kuna kivuli..."

"Mmepiga," akasema kapteni. Aliandika. Aliandika kwa muda mrefu, utafikiri anaandika barua kwa ndugu yake. Halafu akaja mbele yangu.

"Sajini, huyo ni nani wako?"

"Ni kaka wa mke wangu, Afande. Ndiye aliyekaa kitini siku ya mahari."

"Basi hongera. Umemuua kwa adabu nzuri sana. Ungemzika, kisha nani angepokea salamu zako huko Muthara?" Watu wengine walicheka. Yeye hakucheka. "Mimi ni wa Embu, huo uthoni naujua, hata kwetu upo. Lakini mzinga hauna wakwe. Ijumaa narudi. Ukishindwa tena, nakuvua hiyo fulana, kikosi nakigawanya kwa mizinga mingine, na wewe unakwenda stoo ya mablanketi. Sauti yako itawafaa panya."

Stoo ya mablanketi! Nimeiona hiyo stoo. Ina giza, ina vumbi, na mtu aliyeko humo tangu enzi za mababu hajui kama mvua imenyesha. Nilikuwa nimesoma ngumbaru miaka minne, mizigo mgongoni mchana na Kiswahili fasaha jioni, ili nifike mahali ambapo watu sita wananisikiliza. Sasa ningenyang'anywa kwa sababu ya neno moja ambalo kinywa changu kilikataa kulitoa.

Sikula jioni hiyo. Haya, nilikula, lakini sahani moja tu.

Asubuhi aliyenijia hakuwa kapteni. Alikuwa muthoni mwenyewe. Alinikuta nikipangusa mzinga, akajikohoza, akasimama mbali kidogo kama inavyotakiwa.

"Muthoni, nimefikiria," akasema. "Kwani hapa mimi ni nani?"

"Wewe ni muthoni wangu."

"Hapana. Kule Muthara nilikuwa nimekaa kitini. Hapa nimesimama kando ya mlango wa chuma, na nina mikono miwili ambayo naitaka yote. Nifokee."

"Siwezi."

"Nifokee."

"Muthoni, naomba usinilazimishe."

"Basi nitampigia dada yangu simu nimwambie ameolewa na bubu."

Nikajaribu. Namba Nne, aliyekuwa akipita na kikombe cha chai, alisimama. "Mkuu, hiyo ni amri ama unaomba kura?"

Tulianza mazoezi yetu wenyewe, sisi saba, mchana baada ya zamu, kwenye jua ambalo lingekaanga yai juu ya kofia. Muthoni anasimama ndani ya kamba, mimi napaswa kusema neno. Siku ya kwanza neno lilitoka likiwa na "tafadhali" mbele na "tafadhali" nyuma. Namba Tatu, mtu wa hesabu, ndiye aliyegundua dawa. Alisema shida yangu ni uso. Nikiona zile nyusi naona kiti, naona kifurushi cha miraa, naona wazee wa Muthara wamepanga mstari. Akamgeuza muthoni, akanyoosha kidole mgongoni kwake, ambako fulana ilikuwa imeandikwa 2.

"Hapo ni nani?"

"Namba Mbili."

"Mfokee Namba Mbili."

"SIMAMA!"

Jamani. Ndege waliruka kutoka kwenye miti yote ya uwanda ule. Mpishi alitoka na mwiko mkononi akidhani tumevamiwa. Nasikia mtu alisimamisha pikipiki njiani Muthara, ingawa hilo sikulithibitisha. Muthoni aliganda kama nguzo, na alipogeuka polepole alikuwa akitabasamu, meno yote nje. Sikuwa nimewahi kuyaona meno yake.

Tukarudia mpaka nikaweza kumfokea akiwa ameniangalia machoni. Tulirudia na kofia imetupwa kwenye njia ya teke, na chupa ya maji, na mtu aliyeinama kufunga kamba ya kiatu. Nilifurahi hata nikawa mgonjwa. Usingizini nilikuwa nikifoka, hema zima likaganda. Kufikia Alhamisi, amri zetu zilikuwa zikienda kama wanawake wanaotwanga katika kinu kimoja, mchi ukishuka mwingine unapanda, hakuna anayemgonga mwenzake.

Ijumaa kapteni akaja na ubao wake.

Kosa lake la kwanza la makusudi lilikuja dakika za mwanzo. Muthoni akapiga ile hatua, ndani ya kamba. Sikungoja hata kisigino kiguse chini. "SIMAMA!" Kila mkono ukaganda. Kapteni mwenyewe aliganda, kalamu hewani. Akaandika kitu kifupi, na kwa mara ya kwanza niliona pembe ya mdomo wake ikisogea. Nilivimba. Kichwa kilivimba, kifua kilivimba, nadhani hata buti zilinibana. Tukaendelea: fungua, ingiza, funga, lenga. Kila amri ilikuwa ikitoka na mapambo yake. Nilikuwa nikiendesha harusi, siyo mzinga.

Ndipo akasema, "Mmevuta kamba. Mzinga umekataa."

Hilo ndilo zoezi gumu kuliko yote, na ndilo jepesi kuliko yote, kwa sababu kazi yake ni kutofanya kitu. Mzinga ukikataa, kombora limo ndani na hujui linafikiria nini. Linaweza kutoka sasa hivi, linaweza kutoka baada ya dakika. Kila mtu anabaki alipo, mzinga unabaki umelenga palepale, mnasubiri muda uliowekwa uishe. Hakuna anayesogea mlangoni. Nimewafundisha watu hili. Nimeliandika ubaoni kwa mwandiko wangu mzuri wa ngumbaru.

Na mimi, kwa raha niliyokuwa nayo, nikitaka kapteni aone jinsi Namba Moja alivyo makini, nikapiga hatua mbili kwenda kuuchungulia mlango. Nikaivuka kamba nyeupe. Nikasimama katikati ya njia ya teke, mikono kiunoni, kama mtu anayekagua ng'ombe sokoni.

Sikujua nimefanya nini. Walionieleza ni wale wengine, baadaye. Walisema kapteni aliinua kalamu, akangoja. Namba Nne, bingwa wa maneno, alitazama buti zake, kwa sababu huyo ni mkuu wake. Namba Tatu alikuwa na jicho kwenye darubini ya kulengea. Aliyeniona vizuri, hatua moja kutoka kwangu, alikuwa muthoni. Akafungua kinywa. Akakifunga. Wiki nzima tulikuwa tumefanya mazoezi ya mimi kumfokea yeye. Ya yeye kunifokea mimi hakuna aliyeyafikiria, kwa sababu tulidhani aibu ilikuwa upande wangu peke yangu. Kumbe naye alikuwa ameibeba kimya kimya, na ya kwake ilikuwa na uzito wa cheo juu yake.

Kisha nikasikia sauti ambayo sikujua imo ndani ya mtu yule. Haikuwa sauti ya kitini. Ilikuwa sauti ya mtu anayeita mifugo ikitoka bonde moja kwenda lingine.

"SIMAMA! Toka hapo, wewe!"

Wewe! Muthoni wangu aliniita wewe! Na kabla sijageuka, kiganja kizima kilikuwa kimenipiga kifuani na kunirudisha nje ya kamba, nikakalia makalio kwenye vumbi mbele ya kapteni, mkuu wa kikosi, Namba Moja, mwenye cheti.



Mimi nilikuwa nikiona stoo. Niliona mablanketi yamepangwa. Niliona kikosi changu kimegawanywa, mmoja mzinga huu, mwingine ule, muthoni amepelekwa mbali zaidi, na wote wakisema ni kwa sababu ya mtu wa Mitunguu aliyetaka kuchungulia.

Kapteni alikuja kwa zile buti zake zisizosikika, akasimama juu yangu.

"Sajini, hilo kosa nilikutuma mimi?"

"Hapana, Afande."

"Nani alikutuma?"

"Furaha, Afande."

Akamgeukia muthoni. Muthoni alikuwa amesimama wima, lakini anakitazama kiganja chake kama kitu alichookota. "Na wewe, koplo, umempiga mkuu wako kifuani."

"Ndiyo, Afande."

"Umemwita wewe."

"Ndiyo, Afande. Ni mume wa dada yangu, Afande. Ningemwambia nini dada yangu?"

Kapteni akaandika. Safari hii aliandika kidogo tu. "Nisikilizeni nyote," akasema. "Namba Moja amekosea, na alama zote za zoezi hilo nimemkata. Amevuka mstari wa kufaulu, lakini ameuvuka akishika ukuta. Akirudia, stoo iko pale pale. Lakini mimi sikuja kumpima Namba Moja peke yake. Kosa ambalo sikulipanga limetokea, na kikosi kimelikamata kabla sijahesabu mpaka mbili. Hicho ndicho nilichokuja kutafuta. Kesho mtapiga."

Namba Nne alipiga nduru. Namba Tano na Sita walikumbatiana, halafu wakaachana haraka. Mimi nilikuwa bado nimekaa chini, na nilicheka hadi machozi yakatengeneza matope usoni. Muthoni akaninyooshea mikono, yote miwili, kwa heshima, kama vile hajawahi kumsukuma mtu maishani.

"Muthoni, nisamehe," akasema kwa ile sauti yake ndogo.

"Ukiniomba msamaha tena," nikamwambia, "mimi ndiye nitakupeleka stoo."

Kesho yake, Jumamosi, jua likiwa juu ya vilima, tulikuwa tumevaa vizuia sauti masikioni, kombora la kweli liko mikononi mwa Namba Nne. Kapteni alikaa nyuma na bendera nyekundu. Nilitazama kila mtu alipo: mikono, miguu, kamba nyeupe, njia ya teke tupu kama barabara ya Jumapili. Nilijitazama na mimi nilipo. Hilo la mwisho sasa nalifanya kila mara, na nalifanya kwa sauti: "Namba Moja, yuko nje ya kamba!" Vikosi vingine vinatucheka. Waache wacheke.

"Namba Mbili, funga!"

"Imefungwa!" akajibu muthoni, kwa sauti ya bondeni.

"Piga!"

Niseme nini? Ardhi iliruka. Buti zangu ziliiacha, nadhani kwa dakika nzima. Mzinga ulipiga teke lake nyuma, chuma chote kile kikapita mahali nilipokuwa nimesimama jana na mikono kiunoni, haraka kiasi kwamba jicho liliona upepo tu. Vumbi likatufunika sote saba. Ng'ambo ya uwanda, mbali sana, mlima mdogo ukatoa moshi kwanza, na mngurumo ukafuata baadaye ukitembea polepole kama mzee.

Vumbi lilipotua niliwahesabu watu. Saba. Nikahesabu mikono. Kumi na minne. Muthoni alikuwa ameshakamata mpini wa mlango, mweupe kwa vumbi hadi kwenye nyusi, ananitazama moja kwa moja machoni, amekunja uso kwa kukosa subira.

"Namba Moja!" akafoka. "Tunangoja amri!"

Nikampa.